Uzazi wa mpango kwa mama anayenyonyesha: jinsi ya kuchagua njia, hatua kwa hatua

Ukishajifungua, kila kitu kinamzunguka mtoto: amenyonya, hajanyonya, amelala, kitovu kimekauka. Suala la mimba nyingine husukumwa mbele, na wengi husema, "Nasubiri kwanza nione siku zangu." Naomba usisubiri hivyo. Yai linaweza kupevuka na kutoka kiasi cha wiki mbili kabla ya damu ya kwanza kuonekana, kwa hiyo mtu anaweza kushika mimba nyingine bila kuona hedhi hata mara moja. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba tena ndani ya wiki nne tangu ajifungue. Anayenyonyesha ana kinga ya muda mrefu zaidi, ila kinga hiyo ina masharti yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua mtoto hai kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mwili unahitaji muda wa kurudisha damu na nguvu, na mtoto aliye mkononi anahitaji kunyonya mpaka atosheke. Kabla ya kuuliza ni njia gani iliyo bora, jibu maswali mawili: umejifungua wiki ngapi zilizopita, na mtoto ananyonya vipi?

Hatua ya 1: Hesabu wiki

Chukua tarehe uliyojifungua, hesabu wiki hadi leo. Njia nyingi zinafunguka au kufungwa kwa hesabu hiyo.

Saa 48 za kwanza ni za kitanzi, kile ambacho wengine huita lupu. Kinaweza kuwekwa mara tu kondo la nyuma linapotoka, au wakati wa upasuaji kabla mfuko wa uzazi haujashonwa, au ndani ya siku hizo mbili. Zikishapita, inabidi kusubiri mpaka wiki nne zitimie. Ndiyo maana kitanzi cha baada ya kujifungua huzungumzwa kliniki ukiwa bado mjamzito. Ukianza kukifikiria uchungu ukiwa umeshika, umechelewa kuuliza maswali yako kwa utulivu. Kikiwekwa mapema hivyo, uwezekano wa kutoka chenyewe ni mkubwa kuliko kikiwekwa baadaye, kwa hiyo usikose siku ya kukaguliwa.

Kondomu zinatumika tangu siku ya kwanza mnaporudi kukutana. Vidonge vyenye homoni moja (projestini) na vipandikizi pia vinaweza kuanza mapema, hata kabla ya wiki sita. Zamani mama anayenyonyesha aliambiwa asubiri wiki sita kwa hivyo viwili, na wapo watoa huduma wanaoendelea kusema hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaviruhusu.

Sindano inasubiri wiki sita. Inaingiza homoni nyingi kwa mara moja, na katika wiki za mwanzo ini la kichanga bado ni changa mno, kwa hiyo inashauriwa kumwepusha nayo.

Vidonge vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini kwa pamoja, viache kabisa kabla ya wiki sita, na kwa kawaida hadi mtoto atimize miezi sita. Vivyo hivyo kwa bandiko la ngozi na pete ya ukeni zenye estrojeni. Sababu ni mbili. Wiki za mwanzo baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na estrojeni huongeza hatari hiyo. Pia estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Ukipewa pakiti ya vidonge, uliza swali moja tu kabla ya kuondoka dirishani: "Hivi vina estrojeni?" Kama jibu ni ndiyo na mtoto wako ana miezi miwili, virudishe.

Hatua ya 2: Angalia kama kunyonyesha kwako kunakukinga

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ni njia halisi ambayo watu ama huidharau ama huiamini kupita kiasi. Mtoto anaponyonya, chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo hupunguza homoni zinazopevusha mayai. Kadiri anavyonyonya mara nyingi, ndivyo mayai yanavyoendelea kulala. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba kinga hiyo inafikia asilimia 98 kwa miezi sita, mradi masharti matatu yatimie kwa pamoja.

Mosi, mtoto hajatimiza miezi sita. Pili, hedhi haijarudi. Tatu, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee, au karibu pekee, mchana na usiku.

Damu inayotoka katika wiki nane za kwanza haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya hapo, ukipata damu siku mbili mfululizo, ihesabu kuwa hedhi imerudi hata kama ni kidogo kuliko ulivyozoea.

Sharti la tatu ndilo linalowaponyoka wengi. "Ananyonya vizuri" haitoshi. Muda kati ya nyonyo moja na nyingine usizidi saa nne mchana, wala saa sita usiku. Mfano: mtoto wa miezi minne ameanza kulala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Ni furaha kwa mama aliyechoka, lakini hizo ni saa nane, na kinga imeshalegea. Hali ni hiyo hiyo ukianza kumpa chupa ya maziwa ya kopo jioni ili ashibe. Unayerudi kazini na kukamua unaweza kuendelea kuitegemea njia hii ukikamua angalau kila saa nne, ingawa uwezekano wa mimba unapanda kidogo, kwani kukamua hakuamshi mwili sawasawa na mdomo wa mtoto.

Kila wiki jiulize yale masharti matatu. Siku mojawapo litakapokosekana, hata kama ni wiki ya kumi, njia nyingine inaanza siku hiyo hiyo. Ushauri wangu ni uwe na kondomu au pakiti ya vidonge ndani ya nyumba tangu mwanzo, maana mtoto habadilishi ratiba yake kwa taarifa.

Hatua ya 3: Eleza afya yako bila kuficha

Mtoa huduma hawezi kukisia. Mwambie kama una presha au ulipata kifafa cha mimba, kama uliwahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, kama unavuta sigara, kama unaumwa kipandauso kinachoanza na kuona vimulimuli. Mambo hayo yanaondoa au kuweka shaka kwenye njia zenye estrojeni hata baada ya miezi sita. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti anashauriwa akae mbali na njia za homoni zote. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kwa hiyo kwake kiko wazi. Aliyepata maambukizi ya mfuko wa uzazi baada ya kujifungua asiwekewe kitanzi mpaka apone. Na kama una upungufu mkubwa wa damu, taja, kwa kuwa kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu ya hedhi itakaporudi.

Taja pia dawa unazomeza. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi. Sindano ya miezi mitatu na vitanzi haviathiriwi nazo. Hili linasahaulika mara nyingi sana kliniki, na anayelipia ni mama.

Hatua ya 4: Amua unataka kukumbuka mara ngapi

Wengi huanza kwa kuuliza madhara. Mimi ningeanza na swali hili, kwa sababu mwenye kichanga halali vya kutosha, na njia inayodai kumbukumbu kila siku ina gharama yake kwake.

Kipandikizi hakikudai chochote. Ni kijiti laini chenye ukubwa wa njiti ya kiberiti, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono upande wa ndani, juu ya kiwiko. Unachomwa ganzi, kazi inachukua dakika chache, unafungwa bandeji. Kabla ya kuondoka, gusa mwenyewe mpaka ukisikie kwa ncha za vidole. Usipokisikia, mwambie aliyekuwekea papo hapo. Kuna aina ya kijiti kimoja ya miaka 3 na ya vijiti viwili ya miaka 5. Wanaoshika mimba wakiwa nacho hawafiki hata 1 kati ya 100 kwa mwaka. Kero yake ni damu isiyo na mpangilio: matone leo, kimya wiki tatu, matone tena. Mama anayenyonyesha mara nyingi haoni mabadiliko makubwa mwanzoni, kwa kuwa hedhi yenyewe ilikuwa imesimama. Ukitaka mtoto mwingine, kinatolewa na uwezo wa kuzaa unarudi bila kukawia.

Kitanzi nacho unakisahau. Cha shaba, ile aina ya T 380A, kinafanya kazi miaka 10 au zaidi, bila homoni yoyote. Cha homoni hukaa miaka kadhaa na hupunguza damu ya hedhi, na homoni yake nyingi hubaki pale pale ndani ya mfuko wa uzazi. Katika kukiweka kuna hatari ndogo ya kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi, na hatari hiyo huwa juu zaidi kwa anayenyonyesha. Ni jambo la nadra, lakini ni sababu nzuri ya kutafuta mtu aliyezoea kazi hiyo na kumwambia wazi kwamba unanyonyesha.

Sindano inataka urudi kila miezi mitatu. Ipo aina inayochomwa chini ya ngozi ambayo unaweza kufundishwa kujichoma mwenyewe nyumbani. Kwa matumizi ya kawaida, wanawake 4 hivi kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka, na karibu wote ni kwa kuchelewa kurudi. Jambo la kulifikiria kwa makini ni hili: ukiiacha, uwezo wa kuzaa huchelewa kurudi, kwa wastani miezi minne zaidi kuliko njia nyingine. Kama unataka mtoto mwingine mara tu huyu atakapofikisha miaka miwili, ningekushauri uchague kitu kingine.

Vidonge vya homoni moja vinahitaji saa maalumu. Humezwa kila siku, bila kupumzika kati ya pakiti na pakiti. Vile vya zamani, kama vya levonojestreli, ukichelewa zaidi ya saa tatu umeshapitwa. Vya desojestreli vinakuvumilia hadi saa 12. Tuseme saa yako ni mbili usiku, ukasinzia na mtoto kifuani, ukashtuka saa sita usiku. Kama ni vile vya zamani, meza mara moja, endelea na ratiba yako kesho, na tumieni kondomu kwa siku mbili. Kama ni vya desojestreli, meza tu, hujapitwa. Ukiwa bado unanyonyesha sana, kosa dogo halina hatari kubwa, kwani kunyonyesha kwenyewe kunakushika mkono: katika kundi hili mimba ni kama 1 kati ya 100 kwa mwaka. Kwa wanaomeza vidonge bila kunyonyesha ni 7 hivi. Weka kengele ya simu, na uweke pakiti mahali unapokaa kunyonyesha.

Kondomu ndiyo pekee katika orodha hii inayozuia pia magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI. Wenzi 13 kati ya 100 wanaozitegemea peke yake kwa matumizi ya kawaida hupata mimba kwa mwaka, wakiwa waangalifu kila mara ni 2. Kuna kitu ambacho akina mama huona haya kukisema: unaponyonyesha, estrojeni ya mwili hushuka na uke hukauka, tendo likauma. Huo si ugonjwa, wala si dalili kwamba humpendi mwenzi wako. Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni huharibu kondomu za mpira, ikapasuka bila nyinyi kujua.

Kuhesabu siku kwenye kalenda kuacheni kwa sasa. Hesabu hiyo inahitaji hedhi iliyokwisha kurudi angalau mara tatu na kutulia kwenye mpangilio. Kumwaga nje kunaacha mimba 20 hivi kati ya 100 kwa mwaka.

Kwa waliomaliza kuzaa: mama anaweza kufunga mirija ndani ya siku saba baada ya kujifungua, la sivyo baada ya wiki sita. Vasektomi kwa baba ni upasuaji mdogo zaidi, ila huchukua miezi mitatu kabla mbegu hazijaisha. Kichanga anayenyonya kwa yale masharti matatu huwapa wazazi muda huo huo: baba anafanyiwa mtoto akiwa mchanga, kunyonyesha kunamlinda mama wakati mbegu zinaisha. Zote mbili zichukulieni kuwa za kudumu.

Hatua ya 5: Nenda kliniki na majibu yako mkononi

Kuna jibu linalowakatisha tamaa akina mama wengi: "Rudi ukiwa kwenye siku zako." Kwa anayenyonyesha, siku hizo zinaweza kuchukua mwaka mzima kuja, na katikati akapata mimba. Hedhi si sharti. Kama mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na hedhi haijarudi, mtoa huduma ana haki ya kuamini huna mimba na kukuanzishia njia siku hiyo hiyo. Sema hivyo kwa upole: "Mwanangu ana miezi mitatu, ananyonya maziwa yangu tu, usiku na mchana, na sijaona hedhi." Sentensi hiyo moja inabeba kila anachohitaji kujua. Kama sharti mojawapo limeshakosekana, omba kipimo cha mimba badala ya kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Uliza mambo matatu kuhusu njia utakayopewa: inaanza kukinga lini, nifanye nini nikichelewa au kusahau, na ninaitoa wapi nikibadili mawazo. Kutolewa kwa kijiti au kitanzi ni haki yako siku yoyote, hata kama muda wake haujaisha, na huhitaji kujitetea.

Hatua ya 6: Ukishaanza, fuatilia maziwa na mwili

Hofu kubwa ni maziwa kukauka. Homoni kidogo hupita kwenye maziwa, lakini tafiti za njia za projestini pekee hazijaonyesha madhara kwa ukuaji wa mtoto. Kama unaona maziwa yamepungua, angalia kwanza mambo ya kawaida: mtoto amekamata titi vizuri au chuchu tu, muda kati ya nyonyo umeongezeka, umerudi kazini, umeanza kumpa chupa. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku na kuongezeka uzito anapata maziwa ya kutosha. Asipoongezeka, mpeleke akapimwe, na mtajie mtoa huduma njia unayotumia. Kuiacha ghafla bila kuwa na nyingine kunaleta tatizo jingine juu ya la kwanza.

Nenda hospitali haraka kama mguu mmoja umevimba na kuuma, unapumua kwa shida, kifua kinabana, au kichwa kinauma vikali na macho yanaona ukungu. Mwenye kitanzi aende pia akipata homa na maumivu makali chini ya kitovu, uchafu unaonuka, au akiacha kuusikia kwa kidole uzi wa kitanzi alioweza kuusikia zamani.

Ikitokea kondomu imepasuka au kidonge kimesahaulika, vidonge vya dharura vya levonojestreli vinafaa kwa anayenyonyesha, na huna haja ya kusitisha kunyonyesha. Vinafanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72, na kila saa unayosubiri nguvu inapungua. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinakinga zaidi, kisha kinabaki kuwa njia yako.

Hatua ya 7: Pitia upya mtoto anapotimiza miezi sita, na tena anapoacha ziwa

Miezi sita ikitimia, kunyonyesha peke yake hakukukingi tena, hata kama hedhi haijarudi. Wakati huo huo milango mingine inafunguka: vidonge vya homoni mbili vinaweza kutumika kama afya yako inaruhusu. Aliye kwenye kipandikizi, kitanzi au sindano hana cha kubadilisha.

Aliye kwenye vidonge vya homoni moja ndiye wa kuangalia kwa makini mtoto anapopunguza kunyonya. Dozi ni ile ile, lakini msaada wa ziwa umeondoka, na kuchelewa ambako miezi mitatu iliyopita hakukuleta shida sasa kunaweza kuleta mimba. Ama kaza saa yako, ama hamia njia ya muda mrefu wiki hiyo hiyo mtoto anapoacha, bila kuacha hata siku moja ya nafasi kati ya kidonge cha mwisho na njia mpya.